Kabidhi Zamu Hata Nyumbani: Mwongozo kwa Mzazi Anayesomea Uuguzi Huku Ana Kazi Yake ya Sanaa

Nikiwa mwaka wa pili wa uuguzi, mwanangu mdogo alipewa dawa ya homa mara mbili ndani ya saa mbili. Mimi nilimpa saa kumi na moja alfajiri kabla sijatoka kwenda wodini. Baba yake akaamka saa moja, akamgusa paji la uso, akaona bado anachemka, akampa tena. Hakuna aliyezembea, kila mmoja alifanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya. Tuligundua nilipopiga simu wakati wa mapumziko kumjulia hali mtoto. Parasetamoli hairudiwi kabla ya saa 4 kupita, na mtoto hapewi zaidi ya dozi 4 kwa saa 24. Tuliwapigia wataalamu, tukawatajia uzito wake na kiasi alichomeza, tukaambiwa tusimpe nyingine mpaka muda utimie, na tumwangalie kwa karibu. Akapona.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba wiki ileile darasani nilikuwa nimekariri yale mambo matano ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Wodini nisingethubutu kuondoka bila kuandika nimetoa nini na saa ngapi. Nyumbani nilifunga mlango nikaenda.

Wauguzi wana desturi moja ambayo mzazi anayesoma anaihitaji kuliko kalenda yoyote nzuri: mtu haondoki zamu bila kukabidhi. Nimejenga mwongozo huu juu ya desturi hiyo. Nyumba unamkabidhi anayebaki. Somo unalikabidhi kwa kichwa chako cha kesho. Na ile kazi yako ya mikono, iwe kushona, kuchora, kuandika au kutunga nyimbo, unajikabidhi mwenyewe, wewe wa wiki ijayo utakayekuja umechoka na hukumbuki uliishia wapi.

Hatua ya kwanza: hesabu saa zako bila kujidanganya

Wiki ina saa 168. Kaa chini na ratiba ya mafunzo kwa vitendo mara tu inapotoka, kabla hujaahidi mtu chochote. Toa usingizi wa saa 7 kila siku, yaani 49, unabaki na 119. Toa saa 40 za wodini au darasani, zinabaki 79. Kama safari ya kwenda na kurudi inakula saa 2 kila siku kwa siku tano, zinabaki 69. Toa 15 za kujisomea, zinabaki 54. Ndani ya hizo 54 kuna kupika, kufua, kuogesha watoto, kazi zao za shule, ibada, wagonjwa wa familia, na kukaa tu.

Ukifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza utaumia. Mimi niliumia. Lakini ndiyo iliyonionyesha kwamba saa zangu za kushona ni 3 kwa wiki wala si 10, na tangu nilipokubali 3 sijawahi tena kumkaripia mtoto kwa sababu ya shati ambalo halijaisha.

Usiguse zile 49 za usingizi. Nitarudi hapo kwenye zamu za usiku.

Hatua ya pili: andika karatasi ya makabidhiano

Hapa ndipo penye uzito wa mambo yote, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 1859 Florence Nightingale, katika kitabu chake kidogo cha uuguzi, alitenga sura nzima kwa jambo linaloonekana dogo: kupanga mambo ili unachokifanya ukiwepo kifanyike pia usipokuwepo. Aliamini kwamba uuguzi mzuri wote unaweza kuharibika kwa kukosa hilo peke yake. Ukisoma maneno hayo ukiwa na watoto wawili nyumbani na ratiba ya wodi mkononi, unaona kama amekaa jikoni kwako.

Hospitali nyingi leo hukabidhiana kwa mpangilio wa sehemu nne unaojulikana kwa herufi za Kiingereza SBAR. Ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ukaingia hospitalini baadaye. Sehemu zake ni hali ilivyo sasa, yaliyotangulia, unavyoona wewe, na unachoomba kifanyike. Hii hapa karatasi niliyoibandika kwenye mlango wa friji asubuhi moja, kama ilivyokuwa:

*Hali: Mdogo anakohoa, hana homa tangu jana jioni. Mkubwa mzima.*

*Yaliyotangulia: Alikohoa usiku mara mbili akalala tena. Parasetamoli ya mwisho 20:00 jana.*

*Ninavyoona: Anaweza kwenda shule. Atakula polepole, asikimbizwe.*

*Naomba: Maji yawe mkobani. Fomu ya shule iko juu ya friji, isainiwe leo. Joto likifika 38 nipigie. Nisipopokea mpigie shangazi yake. Akipumua kwa shida usinisubiri, mpeleke hospitali.*

Inachukua dakika nne kuiandika. Angalia pia nilivyoandika muda. Chati za hospitali hutumia saa 24, na mimi nyumbani nafanya hivyohivyo, kwa sababu ukiandika "saa mbili" kwenye karatasi ya dawa, anayesoma anaweza kuelewa ya asubuhi au ya usiku. 20:00 haina utata.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliko kuandika: ukishakabidhi, achia. Muuguzi aliyemaliza zamu hapigi simu wodini kila dakika kumi kuuliza kama shuka zimetandikwa vile anavyopenda yeye. Kama baba watoto, dada yako au jirani amebeba jioni, basi ameibeba yote. Watoto wakivaa soksi zisizofanana, wamevaa. Ukirudi na kurekebisha kila kitu mbele yake, kesho atakungoja ufanye mwenyewe, na hapo utakuwa umeupoteza msaada wako kwa mkono wako.

Kwa anayelea peke yake, tafuta watu wawili wa kukabidhi, maana mmoja ataugua siku yako ya mtihani wa vitendo. Waambie mapema, wape nakala ya ratiba ya mwezi mzima, na uwaulize ni siku zipi hawawezi. Watu wengi hukubali kwa urahisi wakiombwa Jumanne nne zinazojulikana. Kinachowachosha ni simu ya saa tatu usiku.

Watoto nao wakabidhiwe. Mtoto mdogo hahitaji ratiba nzima. Mwambie mambo matatu jioni iliyotangulia: nani atamchukua, nani atamlaza, na lini atakuona. Ukirudi, umpe yeye zamu ya kutoa ripoti. Kaa naye dakika kumi, simu iwe chumba kingine, aseme siku ilikuwaje. Wangu mdogo huanza na "Mgonjwa wa kwanza ni mimi," kisha hunionyesha goti. Dakika hizo kumi zimetuponya zaidi ya Jumamosi nzima niliyokuwa nao huku macho yangu yakiwa kwenye daftari.

Kama unanyonyesha, mweleze mkufunzi kabla mafunzo kwa vitendo hayajaanza, uulize ni wapi na saa ngapi unaweza kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa hadi saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba na hadi siku 4 kwenye friji. Kila chupa iandikwe tarehe na saa.

Hatua ya tatu: soma kwa vipande, na ujipime

Mzazi hana saa tatu mfululizo za kukaa mezani. Habari njema ni kwamba kumbukumbu haizihitaji. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma matini tena na tena na wale waliofunga karatasi wakajaribu kuikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo ile hisia tamu ya "nimeelewa" baada ya kusoma sura mara ya tatu usiiamini sana.

Fanya hivi. Kila ukitoka darasani andika maswali matano kwenye kadi ndogo, majibu nyuma. Kadi zikae mfukoni. Dakika sita kituoni ni kadi sita. Usiku mpe mtoto akuulize. Hata asiyeelewa neno "presha" anaweza kusoma swali na kuona kama jibu lako linafanana na lililoandikwa. Mapigo ya moyo ya mtu mzima aliyetulia ni mangapi? 60 hadi 100 kwa dakika. Upumuaji? Mara 12 hadi 20. Ukikosea atafurahi mno, na hutalisahau.

Hesabu za dawa ziwe za kila siku, moja tu, hata siku ya sherehe. Mfano: mgonjwa apate mililita 1000 za dripu kwa saa 8, na mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita. Zidisha 1000 kwa 20, unapata 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Mimi hesabu hiyo nilikuwa naifanya kwa kalamu kwenye ubao mdogo jikoni huku maji yakichemka, na ndani ya miezi miwili hofu ya hesabu ikanitoka.

Na kama mkono wako unajua kuchora, utumie. Jioni moja nilichora moyo kwenye karatasi kubwa, nikawapa watoto penseli za rangi. Niliwaambia ateri ni nyekundu, vena ni bluu. Mkubwa akafika kwenye ule mshipa mkubwa unaotoka upande wa kulia kwenda kwenye mapafu, akachukua nyekundu. Nikamwambia huo ni bluu. Akaniangalia: "Si umesema ni ateri?" Nilikaa kimya kidogo, kisha ikabidi nielewe kwanza mimi ndipo nimweleze. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, haidhuru damu hiyo ikoje. Huu unapeleka mapafuni damu iliyopungukiwa oksijeni, ndiyo maana tunaupaka bluu, na inayorudi kutoka mapafuni kwa vena ni nyekundu. Nilikuwa nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Swali la mtoto ndilo lililoniingizia.

Hatua ya nne: linda kazi yako ya sanaa

Wapo watakaokushauri uiache mpaka uhitimu. Mimi nakushauri usiiache. Siku niliyoosha mwili wa marehemu kwa mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikakaa kwenye cherehani, nikashona pindo moja refu lililonyooka, na pindo lile ndilo lililonilaza. Miaka mitatu au minne bila kitu kama hicho ni mingi.

Lakini ipunguze. Chagua kazi moja. Kama una riwaya, nguo za kushona na michoro ya kuuza, viwili vifungwe kwenye sanduku. Kisha chagua ukubwa unaoingia kwenye saa zako 3: shairi badala ya tamthilia, gauni la mtoto badala ya nguo za harusi ya watu kumi. Usipokee oda yenye tarehe inayoangukia kwenye mitihani, hata ya ndugu. Ya ndugu hasa.

Halafu jikabidhi. Kila unapoinuka, andika sentensi moja ya kinachofuata na uiache juu ya kazi. Mimi nabana kikaratasi kwa pini: "Mkono wa kushoto umeungwa. Anza na kola. Uzi uko kwenye kopo." Anayeandika hadithi aache sentensi nusu, akiijua inavyoishia. Bila hivyo, dakika ishirini za kwanza zitaishia kwenye kutafuta ulipokuwa, na dakika ishirini ndizo ulizonazo.

Agatha Christie alianza hadithi yake ya kwanza ya upelelezi akifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika saa ambazo kazi ilipungua. Ujuzi wa sumu alioupata pale ndio ulioibeba hadithi, na kitabu kilitoka mwaka 1920. Namtaja kwa sababu alichofanya kilikuwa kidogo kidogo, kwenye nyufa za siku. Ila mimi sishauri kuandika ukiwa zamu. Dakika tulivu za wodini ni za mgonjwa ambaye hajaongea na mtu tangu asubuhi, na ni za daftari lako la mafunzo linalosubiri saini ya msimamizi.

Hili lifuatalo nalisema kwa msisitizo kwa waandishi, wachoraji na wapiga picha: hadithi ya mgonjwa si mali yako. Kubadilisha jina hakutoshi. Namba ya kitanda, ugonjwa usio wa kawaida, siku aliyolazwa, vazi la mama yake, kimoja tu kinatosha ndugu kumtambua, na wewe unaweza kupoteza nafasi yako ya masomo. Usipige picha wodini, hata ya dirisha. Andika ulichohisi wewe, kwa daftari lisilotoka nyumbani, na uache muda upite kabla hujakifanya kazi ya sanaa.

Mikono yako sasa inatumika sehemu mbili. Kucha ziwe fupi, bila rangi wala za bandia. Ukijichoma sindano ya kushonea au kujikata, funika jeraha kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya zamu. Paka mafuta mikononi kila usiku, maana kunawa mara nyingi hupasua ngozi, na ngozi iliyopasuka ni mlango wa vijidudu.

Hatua ya tano: zamu za usiku

Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya mambo kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Muuguzi aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi kupeleka watoto shule, akaingia zamu jioni, anazifikisha hizo saa 17 saa tano usiku, na bado ana usiku mzima wa kuhesabu dozi.

Kwa hiyo lala mchana kabla ya zamu ya kwanza, walau saa moja na nusu. Chai kali na kahawa ziishe kufikia saa nane usiku, kwa sababu nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya takriban saa 5. Asubuhi usiendeshe gari ukiwa unasinzia. Ukifika, lala kabla ya kazi yoyote, chumba kiwe giza, na bandika karatasi mlangoni yenye saa utakayoamka. Watoto wangu walijifunza kuiheshimu kwa sababu wao ndio waliochora saa yenyewe.

Na jambo ambalo familia nyingi hukosea: mzazi aliyelala baada ya zamu ya usiku hayupo nyumbani. Usimhesabu kama mlezi. Mtoto mdogo awe na mtu mwingine mzima aliye macho. Ule mchana usiguse cherehani wala mkasi wa kitambaa.

Hatua ya sita: mlango wa nyumba

Fupi tu. Viatu vya wodini vibaki mlangoni. Sare ivuliwe kabla hujamkumbatia mtu, ifuliwe peke yake, kwa maji ya nyuzi 60 kama kitambaa kinaruhusu. Nawa mikono, kisha kumbatia. Wafundishe watoto kungoja. Wakiujua utaratibu wataanza kukuletea taulo.

Hatua ya saba: yakiharibika

Yataharibika. Mtoto ataugua siku ya zamu. Usiende kimya, wala usikose kimya. Piga simu wodini na chuoni kabla zamu haijaanza, taja muda utakaokosa, na uulize utaulipaje. Ukiwa wewe ndiye unayeharisha au kutapika, kaa nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu dalili ya mwisho. Wagonjwa wako wana kinga dhaifu kuliko yako.

Mkufunzi aambiwe mapema kwamba wewe ni mzazi. Mwezi wa kwanza nililificha jambo hilo nikidhani nitaonekana mzembe. Nilipomweleza mmoja wao, alinipangia zamu za mchana kwa wiki mbili ambazo mtoto alikuwa amelazwa. Si kila mkufunzi atafanya hivyo, lakini asiyejua hawezi kabisa.

Hatua ya nane: mwezi wa mitihani

Wiki nne kabla ya karatasi ya kwanza, funga kazi ya sanaa kwa makusudi. Ikunje vizuri, iweke kwenye mfuko pamoja na uzi wake, penseli zake au daftari lake. Bana kikaratasi cha makabidhiano juu yake, uandike umefika wapi na kinachofuata ni nini. Nje ya mfuko andika tarehe ya kuufungua, na iwe siku inayofuata karatasi ya mwisho. Waonyeshe watoto tarehe hiyo na uwaulize siku hiyo wanataka kushonewa nini. Wangu mdogo aliomba koti la udaktari. Mkubwa akamrekebisha, akasema la uuguzi.